Mpira wa Mafuta Uliochoka: Ushauri kwa Wenye Mitumbwi ya Injini Busega

Mbalamwezi ikishatanda juu ya Ghuba ya Speke, mitumbwi ya dagaa ya Busega hukaa nchi kavu. Taa haina nguvu mbele ya mwezi mpevu. Dagaa hawaifuati, na kutoka usiku ni kuchoma petroli bure. Wavuvi hushona nyavu, hupiga kalafati palipovuja, hufungua plagi na kuzisugua. Ni siku chache tu, kisha giza linarudi na kazi inaanza upya. Katika siku hizo, tajiri mwenye chombo, naomba uongeze kazi moja ambayo kwa kawaida husubiri mpaka ikulazimishe. Ng'oa mpira wa mafuta uliozeeka, weka mpya, na kabla hujaufunga, hamisha kila kitu kilichokaa mahali pabaya karibu nao.

Kazi hizi mbili nazitaja pamoja makusudi. Wengi hubadilisha mpira na kuurudisha katika njia ileile, juu ya betri, chini ya ubao wa kukalia unaousaga kila mtu akikaa, kando ya jiko la mkaa. Mpira mpya katika njia mbaya utazeeka haraka, na siku ukipasuka, petroli itamwagikia kitu kilekile chenye cheche. Mwingine huhamisha tenki likae vizuri, halafu anaunga mpira wa zamani kwa kipande ili ufike, na hapo amezaa viungo viwili vipya vya kuvuja. Fanya yote siku moja au usianze.

Nasema na tajiri kwanza kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayetoa pesa ya vipuri. Katika wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ni Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria. Lakini mwenye chombo si lazima aishi Lamadi au Nyashimo. Anaweza kuwa na duka Bariadi mjini, yapata kilomita 70 kutoka Lamadi, na mtumbwi wake akauendesha kwa simu: ndoo ngapi za dagaa, lita ngapi za mafuta, nani hakuja kazini. Kwa simu huwezi kunusa petroli. Huwezi kuona kwamba mpira umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli tangu msimu uliopita. Safari moja ya kwenda mwaloni ukiwa na tochi na kitambaa kikavu itakuonyesha mengi kuliko simu za mwezi mzima.

Mpira huu unazeeka kwa njia kadhaa, na ziwani kwetu njia zote zinafanya kazi kwa pamoja. Jua linaupiga kutwa mtumbwi ukiwa umeegeshwa mchangani, na mionzi yake hukausha ngozi ya nje mpaka inapasuka nyufa nyembamba. Petroli nayo inaula kwa ndani taratibu. Joto la injini linaufanya mgumu pale unapoingia chini ya kifuniko. Zaidi ya hapo kuna kukanyagwa, kukunjwa, kuvutwa tenki linapotolewa kwenda kujazwa. Watengenezaji wengine huchapa mwaka wa kutengenezwa juu ya mpira wenyewe, wengine hawachapi. Mimi nashauri mpira unaoshinda juani ubadilishwe kila baada ya miaka 3 hata kama haujavuja, na ule wenye dalili ubadilishwe leo. Kuna watakaosema ni mapema mno. Waulize mara ya mwisho walipokaa ziwani usiku injini imezima walikuwa wanawaza bei ya nini.

Namna ya kuukagua ni rahisi, na haihitaji fundi. Ukunje mpira kwa mikono miwili kama upinde mpana na uutazame mgongo wake. Nyufa zitafunguka na utaziona. Ubonyeze kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mgumu mahali pamoja na laini kama umevimba mahali pengine, umekwisha. Kisha chukua kitambaa kikavu kisicho na harufu, upanguse mpira wote polepole, na ukinuse. Kitambaa kikinuka petroli ilhali mpira ni mkavu kwa macho, basi petroli inapenya katika kuta zake kama mvuke. Mpira wa namna hiyo hautakuachia hata tone, ila utajaza harufu chini ya mbao, na harufu hiyo ndiyo inayowaka.

Hapa inafaa kuielewa petroli yenyewe. Kinachoshika moto ni mvuke wake, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika joto la Lamadi haiachi kuutoa kabisa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Haupandi ukaondoka na upepo, bali unashuka na kutulia pale chini maji ya mtumbwi yanapojikusanya, katikati ya mataruma, ukisubiri. Ukifikia kiasi cha asilimia 1.4 tu ya hewa iliyopo, cheche moja inatosha. Ndiyo sababu mtu anaweza kusema hakuona mafuta yoyote yamemwagika, na akawa anasema kweli.

Dalili nyingine haiko kwenye mpira, iko kwenye injini. Mtumbwi unatoka mwaloni vizuri na unakwenda polepole bila shida. Nahodha akifungua moto, baada ya dakika chache nguvu inapungua, injini inakohoa, inazima. Mtu anaminya pampu ya mkono, kile kifuko cha mpira kilicho katikati ya njia ya mafuta, na injini inawaka tena, inakwenda kidogo, inazima tena. Wengi hapo hulaumu plagi au mafuta yaliyochakachuliwa. Huenda wakawa sahihi, lakini kabla ya kufungua chochote itazame ile pampu injini inapozima. Ikiwa imebonyea na kuta zake zimeshikana, mafuta hayafiki kwake. Hapo ama skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tenki imefungwa, ama chujio lililo mdomoni mwa bomba la ndani ya tenki limejaa uchafu, ama mpira umejifunga kwa ndani. Hili la mwisho hudanganya watu sana. Mpira uliozeeka unaweza kubanduka ngozi ya ndani, na ngozi hiyo ikalala kama kifuniko kila injini inapovuta kwa nguvu, kisha ikarudi mahali pake injini ikipoa. Nje unaonekana mzima kabisa.

Pampu ikiwa laini, unaiminya mara nyingi na haikazi, basi hewa inaingia mahali fulani au vali ndogo zilizo ndani yake zimekufa. Kumbuka kwamba injini ya kupachika huyafyonza mafuta kutoka tenki. Ufa mdogo katika njia inayofyonzwa hauvujishi petroli nje, unaingiza hewa ndani. Mpira mkavu, usiotoa hata harufu, unaweza kuwa ndio huohuo unaokuzimia injini. Ukitaka kuhakikisha, kaza pampu kwa mkono kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kila sehemu unayoitilia shaka, mapovu yatakuonyesha.

Kwa injini ya mipigo miwili, ambayo wavuvi wengi huipenda kwa wepesi wake na kwa sababu kila fundi anaijua, hasara haiishii katika kuzima. Oili inayolainisha pistoni imo ndani ya petroli. Hewa ikichukua nafasi ya mafuta, oili nayo imepungua, joto linapanda, pistoni inaanza kukwaruza silinda na mwishowe inanata. Hata ungechanganya kwa uangalifu wote, mililita 400 za oili katika lita 20 za petroli, yaani 1 kwa 50 kama vitabu vya injini nyingi za aina hiyo vinavyoagiza, mchanganyiko huo haukusaidii kama haufiki. Fundi atafungua, atakuonyesha mikwaruzo, atakuandikia pistoni na ringi. Utanunua. Na mpira utabaki palepale ukisubiri pistoni ya pili. Ukishaunguza pistoni bila sababu inayoeleweka, usiiwashe tena injini kabla njia yote ya mafuta haijabadilishwa.

Na kuna hatari iliyo kubwa kuliko pistoni. Usiku, upepo wa nchi kavu huvuma kutoka ufukweni kuelekea ndani ya ziwa. Injini ikizima saa nane usiku, mtumbwi hauletwi nyumbani, unapelekwa mbali. Katika miezi ya masika na ya vuli ngurumo na dhoruba za ziwani mara nyingi huja usiku huohuo, wakati watu wa dagaa wapo kazini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria na ni vema kuusikiliza, lakini utabiri humsaidia yule ambaye injini yake inaweza kumrudisha.

Sasa ununuzi. Tafuta mpira wa mafuta ulioandikwa kuwa ni wa mafuta. Maandishi hayo huchapwa kwenye mpira wenyewe. Kwa mtumbwi wa wazi wenye tenki la kubebeka, mpira wa mtengenezaji wa injini, unaokuja na pampu yake na vichwa vyake vya kuunganishia, ndio chaguo ambalo halitakusumbua; utaupata kwa wauza vipuri vya injini Mwanza, na fundi mzuri wa Lamadi atajua wapi pa kuuagiza. Kwa boti ya faiba iliyofungwa juu, ambayo tenki na mpira vimepita chini ya sakafu, usikubali mpungufu. Dai wenye alama ya ISO 7840, au kwa bidhaa za Marekani SAE J1527 aina ya A1. Mipira hiyo hujaribiwa kwa kuwekwa ndani ya moto na kutakiwa kustahimili dakika 2 na nusu. Dakika hizo ni chache, lakini ni za kutosha mtu kuvaa jaketi la kuokolea na kuruka. Alama ya ISO 8469 ni ya mpira wa mafuta pia, ila huo haukupimwa kwa moto.

Usinunue ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, ambao mafundi ujenzi hutumia kupimia usawa wa msingi. Ni rahisi, unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Somanda hadi Nassa, na kuona mafuta yakipita ndani yake kunampa mtu matumaini. Petroli huunyonya ulaini wake. Baada ya muda unageuka njano, unakuwa mgumu, na unachomoka kwenye kichwa wenyewe. Tyubu ya baiskeli ni mbaya zaidi, kwa sababu mpira wake haukutengenezwa kukutana na petroli. Unavimba, unalegea, na ule mkazo uliouamini jana haupo leo. Naelewa kwamba usiku ziwani mtu hufunga kwa alichonacho, na kufunga hivyo ili kurudi nyumbani ni busara. Kutoka tena kesho yake na ufungaji uleule ndiko ninakokukataa.

Upana wa tundu la ndani uwe sawa na ule wa zamani, au kama kitabu cha injini kinavyosema, usipunguze. Tundu dogo litaifanya injini ikose mafuta moto ukifunguliwa, na utarudi kwenye dalili zilezile ukidhani mpira mpya ni mbovu. Nunua pamoja klipu za skrubu za chuma kisichoshika kutu, na oringi za vichwa vya kuunganishia. Oringi ni kitu kidogo sana na husahaulika, lakini ikichanika hewa hupita hapo vizuri kuliko kwenye ufa wowote. Vichwa vyenyewe hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo beba cha zamani dukani ukilinganishe.

Siku ya kazi mtumbwi uwe nchi kavu, injini imepoa, betri imeondolewa waya, na tenki limetolewa nje na kuwekwa kivulini mbali na watu. Hakuna sigara wala jiko la mama lishe jirani. Mwambie na yule anayekaanga samaki pembeni, kwa heshima, asogee au wewe usogee. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu karibu, na kizima moto cha unga kama unacho. Usitegemee maji ya ziwa: petroli huelea juu ya maji na kwenda nayo ikiwa inawaka.

Mpira wa zamani usiuvute kwa nguvu wala kuuzungusha kwa koleo, maana utavunja kichwa cha plastiki au kukipinda cha shaba. Upasue kwa urefu kwa wembe, taratibu, bila kukikwaruza kichwa chenyewe. Mkwaruzo mmoja kwenye kichwa ni njia ya hewa ya kudumu. Mpira mpya ukigoma kuingia, uchovye ncha yake katika maji ya moto kwa muda kidogo utalainika. Kamwe usiupashe kwa kiberiti. Usipake grisi wala mafuta ya kula ili uteleze. Usukume mpaka upite mabonge yote ya kichwa, kisha klipu ikae nyuma ya bonge, mbali kidogo na ncha ya mpira, na kichwa kikiwa kirefu cha kutosha weka klipu mbili. Kaza mpaka mpira ubonyee kidogo chini ya klipu. Ukikaza mpaka chuma kizame, umeukata mwenyewe.

Pampu ya mkono ina mshale. Mshale uelekee injini. Fundi mwenye haraka anaweza kuigeuza, na injini haitapata tone. Pampu ikae karibu na injini kuliko tenki, na unapoijaza ishike wima, upande wa kutokea mafuta ukiwa juu, ili hewa ipande itoke na vali zikae sawa.

Baada ya hapo njoo kwenye kuhamisha vitu, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi. Kaa nchi kavu na nahodha wako, angalia mtumbwi mtupu, na mpange upya kana kwamba hakijawekwa kitu. Tenki likae nyuma karibu na injini, lakini si chini ya miguu ya anayeendesha, wala mahali ambapo nyavu zenye maji hutupwa. Lifungwe kwa mkanda au kamba pande mbili. Tenki linaloteleza kila wimbi linaufanyia mpira kazi ya msumeno. Likae chini kuliko mdomo wa injini unaopokea mafuta, ili mpira ukichomoka mafuta yasijimimine yenyewe ndani ya mtumbwi. Kivuli kidogo cha turubai kinasaidia tenki na mpira pia. Mpira upite kando ya ubavu, umeshikwa kwa vibanio kila baada ya umbali mfupi, usiguse chuma chenye makali, usikunjike kona kali, na uwe na ulegevu wa kutosha injini igeuke kulia na kushoto mpaka mwisho bila kuuvuta. Jaribu kwa mkono: igeuze, iinue, ishushe, huku mwenzako akiutazama mpira.

Betri ndiyo ya kuhamishwa kwanza. Taa za umeme wa jua zimeondoa karabai kwenye mitumbwi mingi, na hilo ni jema kubwa, kwa sababu mwali ule wa wazi juu ya petroli ulikuwa hatari ya kila usiku. Lakini betri nayo ina cheche zake. Waya ukilegea kwenye kichwa cha betri unatoa cheche, spana ikiangukia vichwa viwili kwa pamoja inatoa moto, na betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Iondoe nyuma. Iweke mbele ya katikati, ndani ya sanduku lenye kifuniko na matundu ya hewa, imefungwa isipinduke, na vichwa vyake vimefunikwa kwa mpira. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, si kule kwenye taa. Nyaya zipite ubavu mmoja na mpira wa mafuta ubavu mwingine. Kuvifunga pamoja kwa kamba moja kunaonekana nadhifu, na ndivyo wengi wanavyofanya, lakini waya ukichubuka na kupata moto utauyeyusha mpira uliofungwa nao.

Jiko ni mgogoro, najua. Watu wako ziwani tangu jioni mpaka asubuhi, na ugali wa moto usiku ndio unaowapa nguvu ya kuvuta. Baadhi huona wakiweka jiko mbele kabisa na tenki nyuma kabisa wameshakuwa salama. Fikiri upepo unakotoka. Mtumbwi ukienda, upepo unatoka mbele kwenda nyuma. Ukitia nanga ya mbele, mtumbwi unaugeukia upepo, na cheche za mkaa bado zinaruka kwenda nyuma kwenye tenki. Ukiweka jiko nyuma, limekaa juu ya mvuke. Hakuna mahali pazuri pa jiko la mkaa ndani ya mtumbwi wa petroli. Ushauri wangu ni chakula kipikwe mwaloni na kibebwe kwenye chombo cha kuhifadhi joto, na chai kwenye chupa. Tajiri anunue vyombo hivyo. Ni sehemu ya vifaa vya kazi sawasawa na makasia.

Madumu ya akiba nayo yana mahali pake. Lisitumike dumu lililokuwa la mafuta ya kula lenye mfuniko mwembamba. Usijaze tenki wala dumu mpaka mdomoni. Acha nafasi kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu petroli hupanuka ikipata jua. Tenki la kubebeka lijazwe likiwa chini ardhini, si ndani ya mtumbwi, ili umeme unaojikusanya mafuta yanapomiminika upotelee ardhini badala ya kuruka cheche mdomoni mwa tenki. Chombo kikiwa hakifanyi kazi, skrubu ya hewa ifungwe na mpira uchomolewe kwenye injini.

Kila ulichohamisha kina uzito, na mtumbwi unaujua. Lita 20 za petroli ni kama kilo 15. Betri ya asidi ya ampea 100 ni kama kilo 30. Injini ya nguvu za farasi 15 ya mipigo miwili inakaribia kilo 40, na inaning'inia nyuma kabisa, pamoja na anayeiendesha. Mtumbwi uliopangwa vibaya hukaa kwa makalio, ubao wa nyuma unakaribia maji, na wimbi la nyuma moja tu linaingia. Ukishamaliza kupanga, uusukume majini penye kina cha magoti, watu wote wakae mahali pao pa kazi, mweke na nyavu, kisha mtu asimame nje atazame pande zote. Chora kwa chaki pale maji yanapofika mbele, nyuma, kushoto na kulia. Vitu vizito vikae chini na katikati. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya hao, na watu zaidi ya 220 walikufa. Kivuko kile kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko mtumbwi wako, na bado uzito ulikishinda.

Kuna kundi jipya la wenye vyombo ninalotaka liwe makini zaidi. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo nafuu, na boti za faiba zinaongezeka ziwani. Ni vyombo vizuri. Tofauti yake na mtumbwi wa mbao ni kwamba vina sehemu zilizofungwa chini ya sitaha, na mvuke ukishuka humo hauna pa kutokea. Kabla ya kuwasha, fungua vifuniko vyote na unuse kwa pua yako. Kama kuna feni ya kutoa hewa, iache izunguke dakika 4. Ukinusa petroli, hakuna kuwasha, hata kama wenzako wameshatoka.

Kazi ikiisha, petroli chafu na vipande vya mpira visitupwe majini. Maji ya ziwa hilo wanakunywa watu wa mialo yote, na mradi mkubwa wa maji wa Simiyu umekusudiwa kuyafikisha hadi Bariadi na Itilima. Kisha washa injini mtumbwi ukiwa karibu na nchi kavu, uache uende moto mkubwa kwa robo saa ukienda na kurudi mbele ya mwalo, na upanguse viungo vyote tena kwa kitambaa. Ndani ya chombo kibaki kifuko kisichoingia maji chenye mpira mmoja wa akiba uliokamilika na pampu yake, klipu, oringi, bisibisi, plagi, fyuzi na tochi. Anayelima bustani kando ya Mto Simiyu kwa pampu ya petroli, au mwenye jenereta dukani, naye atazame mpira wake. Unazeeka vilevile, ila yeye ikizima anarudi nyumbani kwa miguu.

Ukaguzi wa vyombo vidogo ni kazi ya TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wako kinaweza kukueleza utaratibu wa kuwapata. Lakini mkaguzi huja siku moja, nahodha yupo kila usiku. Kwa hiyo mpe nahodha haki hii mbele ya wavuvi wote, na uitimize: akisema mpira umechoka, chombo kisitoke mpaka mpya ufike, na hasara ya usiku huo iwe yako wewe tajiri, isikatwe kwenye mgao wao.